Tambi za kuvutwa kwa mkono mjini Kisumu

Ingawa Kisumu ni mji wa samaki na ugali, Ijumaa iliyopita nilikula chakula cha mchana katika mkahawa mdogo wa Kichina ulio kichochoroni, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga, ambako bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe huuzwa shilingi 450. Meza ni sita, feni ni moja, na anayefika baada ya saa saba husubiri mlangoni huku jasho likimtiririka.

Tambi zenyewe hazitoki kwenye pakiti. Mpishi alichukua donge la unga wa ngano uliokandwa, akalipigiza juu ya meza ya chuma, akalishika ncha zote mbili na kulivuta hadi mikono ikatanuka kabisa, kisha akalikunja na kulivuta tena. Nilihesabu mikunjo saba. Na kwa kuwa kila mkunjo huzidisha nyuzi maradufu, uzi mmoja ulikuwa umezaa 128 kabla ya kutoswa kwenye maji yanayochemka. Ni mapishi ya Lanzhou, mji wa kaskazini magharibi mwa China, ambako bakuli hupambwa kwa figili nyeupe, dania na mafuta mekundu ya pilipili.

Kwa sisi tuliozoea mchuzi mzito wa nyanya, supu ile huonekana kama maji matupu mpaka uionje, ndipo unapotambua kwamba mifupa imechemka kwa saa nyingi. Tambi zilikuwa laini lakini hazikatiki ovyo. Nyama ilinisikitisha: vipande vinne, vyembamba kama karatasi. Vijiti vilinishinda mapema, na mhudumu akaniletea uma bila kunicheka.

Lawama yangu kubwa ni ya Jumatatu, nilipoagiza niletewe kazini kwa bodaboda. Tambi na supu vilitiwa katika chombo kimoja, na kwa zile dakika ishirini za njiani tambi zilifyonza supu yote zikafura, nikabaki na kitu kinachokaribia uji. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba ningeomba vitengwe, jambo ambalo mteja mgeni hawezi kulijua asipoambiwa.

Hata hivyo, Jumatano nilirudi mwenyewe saa sita kasorobo, nikapata meza iliyo chini ya feni, nikaongeza shilingi 100 za nyama, na bakuli nikalirudisha tupu.