Darubini ya porini: nunua mwanga, namba kubwa waachie wengine

Vijana wengi wanaotoka vyuo vya utalii hapa Arusha wanakosea palepale nilipokosea mimi: wanavutwa na namba kubwa ubavuni mwa darubini. Yangu ya kwanza ilikuwa na lenzi nyekundu zinazong'aa. Wekundu ule unarudisha mwanga mwekundu nje, kwa hiyo picha inakuja hafifu, ya kijanikijani. Vumbi la Tarangire likaingia kwenye gurudumu la kurekebishia, likawa linasaga. Mvua moja tu, ukungu ukakaa ndani, nje unafuta hadi unachoka.

Nafasi ya kwanza naipa 8x42, bila kusita. Nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8, unapata 5.25, upana wa mwanga unaofika jichoni. Ile ndogo ya mfukoni, 10x25, inakupa 2.5 tu. Saa kumi na mbili asubuhi, chui akiwa bado juu ya mgunga, kwa hiyo ndogo unaona fundo jeusi kwenye tawi. Kwa 8x42 unaona mkia unaning'inia, na pembeni yake mguu wa swala. Tafuta iliyojazwa gesi ya naitrojeni, ili ukungu usikae ndani, na isiyopitisha maji, kama Nikon Monarch M5, ambayo ina gramu 630 na shingo haitalalamika.

Ya pili ni 8x40 ya umbo la zamani, yenye mabega mapana. Nikon Action EX nayo haipitishi maji, na kwa fedha pungufu unapata picha safi kabisa. Ila ina gramu 855. Anayeanza na mfuko mwepesi achukue hii, atafute mkanda mpana.

Ya tatu, 10x42, inawafaa wanaokaa kwenye mbuga wazi kama Ndutu, na wafuatiliaji wa kampuni za uwindaji wanaohitaji kuzisoma pembe vizuri kabla mteja hajainua bunduki. Ndani ya Land Cruiser inayonguruma, kila mtetemo nao unakuzwa mara kumi. Egemeza viwiko.

8x32 ni nzuri kwa wapanda mlima, wanaohesabu kila gramu. Za kuvuta karibu na mbali, zinazojisifu kukuza mara mia, ziache.

Kabla hujalipa, toka nayo nje ya duka. Ukiwa Moshi asubuhi Kibo ikiwa wazi, tazama ukingo wa theluji dhidi ya anga: mstari mzito wa zambarau maana yake lenzi ni duni. Soma kibao cha mbali kilicho kivulini. Fumba jicho moja, kisha fumbua. Picha mbili zikigoma kuungana, ilishaanguka, na kufika saa sita mchana kichwa kitakuuma. Kwa ya mtumba, mulika tochi ya simu kupitia lenzi kubwa. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe.