Year Walk: gemu ya simu iliyonitia hofu ya kweli

Gemu nyingi za kutisha hutegemea kelele. Mambo yametulia, mara sura yenye meno inajaa kwenye kioo, unaruka, na dakika moja baadaye umeshasahau. Year Walk nayo ina mishtuko miwili mitatu ya namna hiyo, lakini siyo inayobaki kichwani. Kinachobaki ni ule mwendo mrefu ndani ya theluji, peke yako, huku ukijua kwamba umekuja huku kwa hiari yako kutafuta jambo ambalo binadamu hapaswi kulijua.

Nimeicheza kwenye iPhone, ambako ndiko ilikotokea kwanza mwezi Februari 2013. Walioitengeneza ni Simogo, studio ndogo ya Malmö, kusini mwa Sweden, iliyoanzishwa na Simon Flesser na Magnus Gardebäck. Hadithi ni ya Jonas Tarestad, na mwanzoni aliiandika iwe filamu fupi. Ukishalijua hilo unaanza kuona kwa nini maneno ni machache sana na kwa nini hakuna anayekuelezea chochote.

Tuko Sweden ya vijijini, karne ya 19. Wewe ni Daniel Svensson, kijana anayempenda Stina, na Stina ameposwa na mtu mwingine. Daniel anataka kujua mwaka ujao umemwekea nini, kwa hiyo anaamua kufanya årsgång, yaani “mwendo wa mwaka”, ambao ndio uliolipa gemu jina lake. Huo haukubuniwa na watengenezaji wa gemu. Ni mila iliyokuwapo kweli, hasa katika majimbo ya kusini kama Småland na Blekinge. Mtu alijifungia mchana kutwa katika chumba cha giza, hali, hanywi, hatazami moto, haongei na mtu. Ikifika usiku wa manane, mara nyingi mkesha wa Krismasi au wa Mwaka Mpya, alitoka peke yake kwenda kanisani. Hakutakiwa kusema neno wala kucheka, hata akutane na nini njiani. Akifika analizunguka kanisa kinyume na mwendo wa saa, kisha anapuliza kwenye tundu la ufunguo. Ilisemekana kwamba kwa pumzi hiyo aliuweka Ukristo wake kando kwa muda, na macho yake yakafunguka. Angeona makaburi mapya ya watakaokufa mwaka ule. Angesikia vita vinavyokuja, au angeona kama mavuno yatakuwa mema. Na wapo walioaminika kurudi wakiwa wamerukwa na akili, au kutorudi kabisa.

Gemu inakutia moja kwa moja ndani ya utaratibu huo. Msitu umechorwa kwa rangi chache sana: weupe wa theluji, kijivu, weusi wa miti, na pale damu inapoonekana, nyekundu inakuchoma macho. Unatembea kwa kuburuta kidole kushoto au kulia, na sehemu fulani za njia zinakuruhusu kuingia ndani zaidi ya msitu au kurudi nje. Ni kama kupita kati ya karatasi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hatua ni nzito, theluji inalia chini ya miguu, na kwa muda mrefu husikii kitu kingine.

Hapa naomba nisisitize: vaeni hedifoni. Muziki wa Daniel Olsén unakuja kwa matone, unaondoka, halafu unabaki na upepo tu. Kuna fumbo ambalo macho hayakusaidii hata kidogo. Unasikia sauti ya mwanamke akiimba, na masikio ndiyo yanayokuongoza. Mwimbaji ni Huldra, mlinzi wa msitu, mzuri wa kupindukia ukimtazama usoni, lakini katika masimulizi mgongo wake ni mtupu kama gogo lililooza. Wawindaji na wachoma makaa walimheshimu na kumwogopa, kwa sababu wanyama wa msituni walikuwa mali yake. Gemu haikupi maelezo hayo yote, inakupa sauti yake na kukuacha umfuate.

Mafumbo yenyewe yanatumia simu kwa akili sana. Mahali pamoja nililazimika kuigeuza simu juu chini, na nilipogundua kwamba hilo ndilo jibu nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, maana nilichokuwa nimekishika pale kiooni hakikuwa kitu cha kuchezea. Mengine yanataka ukumbuke alama uliyoiona mbali, nyuma kabisa ya njia. Shikeni karatasi na kalamu. Toleo la awali la simu halikuwa na ramani, na mimi nilichora yangu. Uchoraji ule ulinifanya niujue msitu mti kwa mti, na nadhani hicho ndicho walichokikusudia.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ya watoto. Utakutana na Farasi wa Kijito. Katika hadithi za Sweden huyu ni farasi mweupe, mzuri, anayejitokeza kando ya maji na kuwaacha watoto wampande. Kila mtoto anayeongezeka, mgongo wake unarefuka ili wote watoshee, kisha anazama nao. Ndani ya gemu anakutaka umtafutie watoto, nao ni myling, roho za watoto wachanga waliouawa na mama zao au kutupwa kabla ya kubatizwa. Katika imani ya zamani roho hizi zilimrukia mpita njia mgongoni na kumwomba azibebe hadi makaburini zizikwe penye udongo uliobarikiwa, na kila hatua zikazidi kuwa nzito.

Siwezi kuchukulia sehemu hiyo kama burudani tupu, na gemu yenyewe haikuruhusu. Nyuma ya mizimu hii wapo wanawake wa kweli. Katika Sweden ya karne ya 18 msichana aliyezaa nje ya ndoa alikabiliwa na aibu ya kanisa na ya kijiji kizima, na mama aliyemuua mtoto wake alihukumiwa kifo. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1778 Mfalme Gustav III alitoa tangazo la kuwaruhusu wanawake kujifungua bila kutaja majina yao, ili wasisukumwe kwenye mauaji. Nilipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, mtoto wa kwenye kioo na tangazo la mfalme, niliiweka simu chini kwa muda. Kijiji kizima kilijua kwamba watoto hao wapo, na kwa kuwa hakikuweza kuwataja mchana, kiliwasikia wakilia usiku. Year Walk imeelewa hofu hiyo inatoka wapi, ndiyo maana inatisha.

Wapo na wengine: kunguru mkubwa wa usiku, na mlinzi wa kanisa, roho ya mnyama aliyezikwa hai chini ya msingi wakati kanisa linajengwa. Hao nawaachia mkutane nao wenyewe.

Sasa jambo ambalo wachezaji wengi hulipuuza. Pamoja na gemu kuna programu ya pili ya bure, Year Walk Companion. Ukiifungua unaona ensaiklopidia fupi ya viumbe na ya mila yenyewe, imeandikwa vizuri, na unaweza kudhani kazi yake inaishia hapo. Haiishii hapo. Malizeni gemu, tazameni kwa makini mnachoonyeshwa mwishoni, kisha rudini kwenye Companion. Kuna mlango uliofungwa ndani yake, na nyuma ya mlango huo ipo hadithi nyingine inayobadilisha maana ya kila mlichokifanya msituni. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kazi nzima. Mtu aliyeishia kwenye mwisho wa kwanza ameona nusu tu, tena nusu nyepesi.

Dosari zipo. Kutembea ni polepole, na ukikwama kwenye fumbo utapita njia zilezile mara nyingi hadi hofu igeuke uchovu. Fumbo moja la kuelekea mwishoni niliona linategemea kujaribu na kukosea kuliko kufikiri. Gemu pia ni fupi, jioni moja inatosha kuimaliza, na anayepima thamani kwa saa ataona amepunjwa. Mimi ufupi haukunisumbua, maana hakuna sehemu ambayo ningetaka irefushwe.

Kikwazo kikubwa kwa wengi wetu ni kwamba haikutolewa kwa Android. Mwenye simu ya Android, njia yake ni kompyuta: toleo la Windows na Mac lilitoka 2014, na ndani yake ramani, vidokezo na ile ensaiklopidia vimeunganishwa humohumo, kwa hiyo huhitaji programu ya pili. Maandishi ni machache, hivyo hata Kiingereza cha kawaida kinatosha kwa gemu yenyewe, ila nyaraka za Companion zinahitaji usomaji wa utulivu. Watoto wasipewe. Na ikiwezekana icheze usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa mkao mmoja bila kukatisha, ukiwa umezima arifa zote za simu.