Xmind na Excel ziliniokoa nisimfukuze kijana wa watu

Nina kiwanda kidogo cha mikate Kariobangi Light Industries, Nairobi. Julai wenye maduka walianza kunirudishia mikate ya gramu 400 imeota ukungu siku ya pili tu. Pale kiwandani jibu lilikuwa moja: kijana wa kufungasha ni mchafu. Ilibaki kidogo nimwachishe kazi.

Dada wa hesabu ndiye aliyenizuia. Alifungua Xmind, programu ya kuchora mawazo kwenye kompyuta, akachagua mchoro wa mfupa wa samaki wa kutafutia chanzo cha tatizo, ule wa Mjapani Kaoru Ishikawa. Kichwani tukaandika "ukungu", na kwenye mifupa: watu, mashine, malighafi, mbinu, mazingira. Mfupa wa watu ulijaa upesi. Wa mazingira ukabaki mtupu, na pengo lile kwenye skrini halikufichika. Mzee anayekanda unga akalitazama, akasema, "Boss, na hii baridi je? Siku hizi unga hauumuki."

Hapo tukaanza kuulizana "kwa nini" mfululizo, kama wanavyofanya Toyota. Kwa nini ukungu? Mkate unafungwa ukiwa moto, mvuke unageuka maji ndani ya karatasi. Kwa nini unafungwa moto? Gari linaondoka saa kumi alfajiri, na mkate wa mwisho umetoka kwenye oveni saa tisa na nusu. Kwa nini umechelewa? Unga umekawia kuumuka kwa baridi ya Julai.

Sikutaka kuamini maneno matupu, kwa hiyo tukaingiza marejesho ya wiki sita kwenye Excel. Ina chati ya Pareto tangu toleo la 2016: inapanga sababu kuanzia iliyo kubwa. Ukungu uliiacha mbali mikate iliyobondeka, na karibu mikate yote ya ukungu ilitoka mkupuo wa mwisho.

Sasa tunakandia maji ya uvuguvugu na tunaanza saa mbili usiku badala ya saa tatu. Marejesho yametoka mikate 60 kwa siku hadi saba au minane.

Xmind ya bure ilitutosha kabisa, na ilifanya kazi hata intaneti ilipopotea. Lakini usiijaze peke yako ofisini. Waite wanaoshika kazi kwa mikono.

Yule kijana nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Siku hizi kabla ya kufunga mkate anauwekea kiganja chini, na akihisi joto anaurudisha kwenye rafu, hata dereva akipiga honi.