Alhamisi ya wazee kanisani, Kimara: nimempeleka bi mkubwa miezi minne sasa

Bi mkubwa wangu ana miaka 71, alihamia kwangu Kimara baada ya mzee kufariki, na kwakweli mwaka wote wa kwanza alikuwa anashinda ndani na TV tu. Sisi tunatoka alfajiri kuwahi mwendokasi tunarudi giza limeshaingia, dada wa kazi ndo mtu pekee wa kuongea nae. Sasa kanisa la mtaani kwetu lina siku ya wazee kila Alhamisi, saa 3 asubuhi mpaka saa 6, wanapimwa, wanafanya mazoezi, wanakunywa uji, wanasikiliza neno, wanapiga stori. Hela hakuna, mwenye 1,000 ya uji anatoa, asiyenayo anakunywa vilevile.

Nianze na presha maana hapo ndo nilipowavulia kofia. Nimezoea kuona mzee anafika kituo cha afya anahema na jua lote, anafungwa ule mkanda juu ya sweta, mashine inasoma 170 anaambiwa imepanda, anarudi nyumbani na hofu. Pale kanisani kuna nesi mstaafu anajitolea, anamkalisha mzee dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini hakuna kukunja nne, mkono wa gauni umepandishwa, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na marufuku kuongea. Akikuta imefika 140 kwa 90 anasubiri kidogo anapima tena, anaandika kwenye daftari la mzee mwenyewe. Tulivyoenda kliniki daktari alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akasema leo ndo naona presha yake ya kila wiki sio ya siku moja.

Alafu wiki ya tatu wakaambiwa waje na dawa zao zote kwenye mfuko. Nesi akazihesabu za mama, alipewa vidonge 30 zimepita wiki tano na vimebaki 19. "Mama, hizi mbona ziko hapa?" Bi mkubwa akajibu bila wasiwasi, "Aa sista, mi nameza siku kichwa kikiuma." Nikasikia mwili umeisha nguvu, yani naishi nae nyumba moja na sijui. Nesi hakumgombeza, alivuta kiti akakaa nae, akamwambia presha mara nyingi haiumi popote, inaharibu figo na moyo kimya kimya, kidonge ni kila siku hata ukiamka mzima kabisa. Sasa anameza na chai ya asubuhi, na kopo la dawa linakaa pembeni ya chupa ya chai.

Mazoezi ni ya kwenye kiti. Viti vya plastiki vinaegemezwa ukutani visiteleze, mzee anakunja mikono kifuani anasimama anakaa, anasimama anakaa, asiyeweza anashika. Mama alianza na mara 3 tena kwa kushika, sasa anafika 9 bila kushika na nyumbani anainuka kwenye kochi mwenyewe. Kwa mzee hiyo sio kitu kidogo jamani, akianguka akavunjika nyonga nyumba nzima inabadilika.

Kuna siku bibi mmoja alisimama kushuhudia kwamba baada ya maombi ameacha dawa za sukari. Mchungaji akamshukuru, alafu hapohapo mbele ya wote akasema dawa utameza na maombi tutaomba, hakuna kinachomzuia mwenzake. Mimi hilo nalihesabu sana, maana najua mzee wa ukoo wetu alipotea kwa njia hiyohiyo.

Na kuna mama mmoja wa mahudhurio. Ukikosa Alhamisi mbili anapiga simu, usipopokea wanakuja watu wawili mpaka mlangoni. Jirani yetu Mwislamu anakuja pia, wakati wa neno anakaa kivulini nje na uji wake, hakuna anayemsumbua. Pia wanawasaidia wasio na uwezo kufuatilia serikali ya mtaa wapate kitambulisho cha matibabu bure, maana sera ya wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 ila wengi hawajui waanzie wapi.

Yanayoniuma sasa. Choo ni cha kuchuchumaa na hakuna hata bomba la kushika ukutani, mtu mwenye magoti mabovu anajibana mpaka arudi kwake, wengine hawanywi hata maji wakijua wanakuja. Tafadhali sana kamati, anzieni hapo. Vile vijiti vya kupimia sukari vinaisha katikati ya mwezi. Neno likirefuka mazoezi yanakatwa, nimeona mara mbili. Na wanaume ni wachache mno, kwenye watu arobaini hivi unahesabu watano, ukimtajia baba mtu anasema hayo ya akina mama, wakati presha haichagui.

Ukimleta mzazi, njoo na daftari, dawa zote hata za kienyeji, na namba yako ya simu iandikwe juu ya daftari. Wiki ya kwanza kaa nae mpaka mwisho, mama yangu Alhamisi ya kwanza alining'ang'ania mkono nisiondoke, juzi aliniambia nimwache getini tu, wenzie wanamsubiri.