Uzoefu wangu: nilivyotoa mada DjangoCon Africa, Zanzibar

Nilikuwa nimetumia Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, miaka sita bila kuonana ana kwa ana na hata mmoja wa wanaoitunza. Kwa hiyo DjangoCon Africa, kongamano la watumiaji wa Django barani Afrika, ilipofanyika kwa mara ya kwanza, Novemba 2023, tena Zanzibar, sikuwa na sababu ya kukosa. Kutoka Dar ni boti, kama saa mbili, umeshafika Unguja.

Nilikwenda kama mtoa mada, na kwa developa yeyote anayejiuliza kama inafaa, jibu langu ni ndiyo: tuma pendekezo lako. Langu nililiandika upya mara tano. La kwanza lilisema nitazungumzia kasi ya tovuti, maneno ambayo hayamwambii mtu kitu. La mwisho lilieleza tatizo moja tu: ukurasa wa oda 200 unaotuma kwiri (maombi ya data) 201 kwenye hifadhidata.

Wengi tunalo bila kujua. Django inaleta oda zote kwa kwiri moja, halafu kila templeti (faili ya mwonekano wa ukurasa) inapogusa jina la mteja, inarudi tena kwenye hifadhidata. Ukiwa na oda kumi za majaribio kwenye laptopu huoni shida. Kwa mteja mwenye biashara inayotembea, ukurasa unakokota. Dawa yake ni select_related, inayounganisha majedwali mawili ndani ya kwiri moja. Jukwaani nilifungua Debug Toolbar, zana inayohesabu kwiri za ukurasa, ikasomeka 201. Nikaongeza select_related kwenye mstari mmoja, nikapakia ukurasa upya, ikawa 1. Ukumbi mzima ukavuta "aaah", na mimi mikono ikaacha kutetemeka.

Kila kitu kilikuwa kwenye mashine yangu, hifadhidata ikiwa SQLite, inayokaa kwenye faili moja, bila kutegemea intaneti. Hilo nilifundishwa na kongamano jingine, jina naliacha: mtandao ulikata katikati ya onyesho langu, nikasimama dakika nne nzima nikitazama kiduara kinazunguka. Nauli waliyoahidi kunirudishia ilikuja baada ya miezi mitano na barua pepe nyingi. Siku hizi, kabla sijakata tiketi, nauliza kwa maandishi: mnalipa kabla au baada, na baada ya siku ngapi?

Jambo jingine dogo lenye uzito: fika ukumbini mapema, onyesha slaidi moja yenye kodi (maandishi ya programu), kisha nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa. Mimi huandika kodi kwenye skrini nyeusi. Kwenye projekta ilififia yote, nikageuza iwe nyeupe na kukuza herufi karibu mara mbili. Beba na adapta yako ya HDMI.

Lakini kilichonilipa zaidi kilitokea wakati wa chai. Binti mmoja wa chuo alinifuata: "Kaka, samahani, ile 201 ninayo kwenye mradi wangu. Niliona aibu kuuliza kwa Kiingereza mbele za watu." Tukakaa kwenye ngazi, akafungua laptopu. Alikuwa tayari ameweka prefetch_related, inayoleta data zinazohusiana kwa kwiri moja ya ziada, na kwiri bado zilikuwa nyingi. Tulipekua hadi tukaona ndani ya kitanzi (sehemu ya kodi inayojirudia) ameita filter, amri ya kuchuja data, na ukiita filter pale, Django inaacha yale iliyokwisha kuyaleta na kutuma kwiri mpya. Tukahamishia sharti lake kwenye Prefetch, inayoeleza mapema data ipi iletwe, nje ya kitanzi. Zikabaki mbili. Alipiga picha ya skrini, akaondoka akitabasamu, chai yake ameisahau pale ngazini.

Mada yangu niliitoa kwa Kiingereza, na swali lake ningetaka ukumbi mzima ulisikie. Awamu iliyofuata ilifanyika Arusha, Agosti 2025. Slaidi zangu sasa nazigeuza kuwa za Kiswahili. Linalonipa kazi ni neno kwiri: nimeandika "ulizo", na kila nikilisoma kwa sauti nalizoea zaidi.