Dawa za mbu za mimea: ununue ipi kwanza

Mwaka 2019 dengue ilipolipuka Dar es Salaam, nyumbani kwetu kila kitanda kilikuwa na chandarua chenye dawa, na mdogo wangu aliugua hivyo hivyo. Mbu wa dengue huuma mchana. Chandarua hakina mbadala usiku, maana mbu wa malaria ndiyo saa zake, ila mchana unahitaji kitu kingine. Hapo ndipo nilipoanza kununua dawa za mimea, nyingine za maana, nyingine harufu tu.

Nazipanga kwa kazi zinayoifanya kweli, bila kujali neno "asilia" limeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani.

1. Mafuta ya kujipaka yenye PMD, kiambato kinachofukuza mbu. Hutokana na mkaratusi wenye harufu ya ndimu. Ukipaka vizuri unapata kinga ya saa kadhaa, ndiyo maana nayaweka juu kwa mtu wa dukani, shambani au barazani. Tafuta herufi hizo tatu kwenye lebo. Vile vichupa vya mafuta ya mkaratusi vya kuvuta puani wakati wa mafua si kitu hicho. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipakwe.

2. Dawa ya kupuliza ya pareto. Ni ua letu hili la Mufindi, na kwa majirani Kenya, la Molo na Nyandarua. Sumu imo kwenye kichwa cha ua. Hushika mishipa ya fahamu ya mbu, akaanguka palepale. Lakini jua huivunja kwa saa chache, kwa hiyo puliza chumbani jioni, funga mlango, toka, kisha fungua madirisha yenye wavu kabla ya kulala.

Hapa soma lebo kwa makini. Ikisema "pyrethrins" ni pareto. Ikisema "permethrin" au "cypermethrin" ni dawa ya maabara iliyoiga pareto, hata kopo likipambwa kwa maua. Dawa hizo za kuiga zimetumika mno hadi mbu wengi wamekuwa sugu, na usugu huo unaigusa hata pareto yenyewe. Chagua yenye PBO ndani, inayomzuia mbu asiivunje sumu mwilini. Usipulize karibu na samaki au mizinga ya nyuki. Na kopo lisilo na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu Tanzania, au ya PCPB, bodi ya viuatilifu Kenya, liache dukani.

3. Mwarobaini, kwa maji yaliyotuama. Nguvu iko kwenye mbegu kuliko majani. Mimi hununua mbegu kavu, nazitwanga, nazifunga kitambaani na kuziloweka usiku kucha. Asubuhi maji yametoka meupe kama maziwa. Namimina kwenye mtaro na sahani za vyungu vya maua, kamwe si kwenye maji ya kunywa. Viluwiluwi havifi siku ileile: utaviona vinachezacheza, ila vinashindwa kukua kuwa mbu. Ukinunua mafuta yake, chukua chupa ya rangi nzito, kwani mwanga huyaharibu. Yawe yananuka kama kitunguu saumu. Yakinukia marashi, yamechakachuliwa. Yasimezwe, hasa na watoto.

4. Mche wa kivumbasi. Bei ndogo, au bure kwa jirani. Weka dirishani, na jioni sugua majani uachie harufu. Hupunguza mbu, haumalizi.

5. Mishumaa na mafuta ya mchaichai. Harufu yake hewani huisha upesi, na upepo kidogo tu unaiondoa. Ukijipaka, rudia kila baada ya saa moja hivi.

Dawa ya kuwasha ya mzunguko iliyoandikwa "ya mimea" sinunui kabisa. Mara nyingi kiuaji chake ni kilekile cha maabara, na mama yangu ana pumu. Moshi wake ukijaa chumbani analala ameketi.