Mtandao mpya wa data kwenye ambulensi zetu: uzoefu wangu

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa kwenye ambulensi za idara ya zimamoto ya jiji mojawapo la Ohio, Marekani. Jiji letu limemaliza kung'oa mtandao wa zamani wa data kwenye ambulensi, magari ya zimamoto na magari ya polisi, na kuweka mwingine. Wenzangu wa huko nyumbani walio kwenye kazi za uokoaji wamekuwa wakiniuliza kama unafaa. Unafaa, na nikiambiwa nirudi kwenye ule wa kale nitakataa. Ila sababu zangu si zile za wauzaji. Wao wanasifia kasi. Mimi nausifia kwa kuwa hautuachi watu wanapojaa, na kwa kuwa kipimo cha moyo cha mgonjwa kinafika hospitali kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Kampuni iliyotufungia vifaa na ile inayotuuzia huduma sizitaji.

Nianze na tulikotoka. Kila gari letu lina laptopu ya kazi ngumu, imefungwa kwenye mkono wa chuma kati ya dereva na anayekaa pembeni yake. Mtu akipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, anayepokea simu kituoni anaandika huku akisikiliza, na anachoandika kinatokea kwenye kioo chetu: anwani, ramani, umri wa mgonjwa, anaumwa nini, nyumba ina mbwa mkali au haina. Maelezo hayo hayaji yote kwa mkupuo. Mpigaji bado yuko hewani, na sisi tukiwa njiani mistari inaendelea kuongezeka. Pitieni mlango wa nyuma. Lifti mbovu, yuko ghorofa ya nne. Ameacha kupumua. Mstari kama huo wa mwisho unabadilisha kila kitu: nani ashuke na mfuko gani, nani aanze kukandamiza kifua, kama tuombe gari la pili lije kusaidia.

Mtandao wa zamani ulikuwa unapita kwenye modemu ya 3G iliyofichwa chini ya kiti. Gari likitoka kwenye mnara mmoja kuingia mwingine, mara nyingi mawasiliano yalikatika, na yakikatika ile njia ya siri inayolinda taarifa za wagonjwa ilijifunga. Programu inakutoa nje. Inabidi uandike nywila upya, ving'ora vinalia, gari linakata kona, na mikononi una glavu. Hatukuwa tunaandika. Tulikuwa tunashika redio na kuomba tusomewe maelezo, na kila gari likiomba kusomewa, redio inajaa maneno ambayo yalipaswa kuwa kwenye kioo. Jiji letu lina mitaa iliyogawanywa Mashariki na Magharibi, na namba ya nyumba unaikuta ileile pande zote mbili. Kituo kikirekebisha kwamba ni Magharibi, na marekebisho hayo yakakwama, unapaki mbele ya nyumba ambayo hakuna mtu aliyeita ambulensi.

Wakongwe wa idara wanasema tulijidekeza kulalamika. Wao walianza na teknolojia iliyoitwa CDPD, iliyotumia nafasi kwenye mitandao ya simu ya miaka ya 1990, na kasi yake ilikuwa kilobiti 19.2 kwa sekunde. Hapo ni herufi tupu, ramani usahau. Ilipozimwa katikati ya miaka ya 2000, majiji yalihamia kwenye mitandao ya simu iliyofuata, mpaka 3G nayo ikafikia mwisho. AT&T walizima 3G yao Februari 2022, T-Mobile wakafuata mwaka huohuo, na Verizon wakafunga mwaka kwa kuzima ya kwao. Jiji ambalo lilikuwa halijabadilisha vifaa kufikia hapo lilibaki na masanduku yasiyo na kazi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mabadiliko haya yaliletwa na huruma kwa wafanyakazi. Tarehe ya kuzimwa ndiyo iliyofungua mkoba.

Kinachonifanya niuthamini huu mpya ni kipaumbele. Anayetaka kuelewa umetoka wapi arudi Septemba 11, 2001, New York. Helikopta za polisi ziliona kwamba jengo la pili kati ya majengo pacha ya World Trade Center, yaliyogongwa na ndege, linakaribia kuanguka, na onyo likawafikia polisi kwa redio zao. Wazimamoto wengi waliokuwa ndani hawakulipata. Siku ile walikufa wazimamoto 343. Baada ya miaka mingi ya mabishano kuhusu masafa na fedha, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2012 iliyounda FirstNet, mamlaka ya mtandao wa taifa wa watu wa uokoaji, na kuitengea megahezi 20 kwenye masafa ya megahezi 700. Mwaka 2017 AT&T wakapewa mkataba wa miaka 25 wa kuujenga na kuuendesha. Siku hizi Verizon na T-Mobile nao wanauza huduma ya kipaumbele kwa zimamoto, polisi na ambulensi. Jiji letu lilichagua kwenye soko hilo.

Kipaumbele kinavyofanya kazi, kwa maneno ya mtumiaji: mnara ukielemewa, laini yangu inahudumiwa kabla ya ya raia wa kawaida, na mambo yakizidi, mnara unaweza hata kuiondoa laini nyingine ili yangu ipite. Ni kama barabara inavyopisha king'ora. Nimeona tofauti yake siku za mechi za mpira wa Kimarekani. Uwanja unajaa, kila mtu ana simu, kila mtu anarusha video. Zamani tukiitwa kwa mtu aliyeanguka jukwaani, laptopu ilikuwa pambo. Ramani haifunguki, ujumbe wa kituo hauji, tunaelekezwa kwa redio mlango baada ya mlango. Msimu huu uliopita, uwanja uleule, umati uleule, mistari ilikuwa inaingia kama tupo peke yetu mjini. Mtu akinipimia megabiti uwanja ukiwa mtupu, hajanipa habari yoyote ninayoihitaji.

Sasa moyo. Nitoe mfano bila kumtambulisha mgonjwa. Mzee ameketi jikoni kwake, jasho jembamba usoni, rangi imemtoka, mkono mmoja umeshika kifua na mwingine umeshika ukingo wa meza. Mwenzangu anamkausha ngozi kwa taulo, maana viraka havishiki kwenye jasho, anabandika viraka kumi, na mashine inatoa picha 12 za umeme wa moyo. Kwenye picha za upande wa chini wa moyo mistari imepanda. Mshipa umeziba. Kuanzia hapo lengo la madaktari ni mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 90 tangu sisi tulipomgusa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Dakika hizo zinagawanywa na ngazi, theluji, foleni, na muda wa kuwaamsha wataalamu walioko majumbani mwao usiku.

Kwenye mtandao wa kale ulibonyeza kutuma, mstari wa maendeleo ukafika nusu, ukasimama. Unabonyeza tena. Mwishowe unapiga simu na kumweleza daktari kwa mdomo unachokiona, naye lazima aamue kwa kuamini maneno yako kama aite timu nzima au asubiri aone mwenyewe. Wapo wanaoamini na wapo wanaosubiri, na siwalaumu. Kwa mtandao mpya tulituma tukiwa palepale jikoni. Tulipokuwa tunamfunga mikanda kwenye machela, daktari alikuwa ameshapiga kuthibitisha kwamba ameiona na chumba cha kuzibulia mishipa kinaandaliwa. Tulipofika hatukusimama mapokezi. Tulipitiliza.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia usipouliza. Mashine ya moyo haizungumzi na mnara moja kwa moja. Kwetu inaunganika na waifai inayotoka kwenye ruta ya gari, na ruta ndiyo inayozungumza na mnara. Gari likiwa mtaani na wewe uko ghorofa ya nne ndani ya jengo la matofali, waifai hiyo haikufikii, hata ruta iwe nzuri namna gani. Mwanzoni tulituma tukiwa tumeshashuka, yaani dakika zilezile tulizotaka kuokoa zikawa zinaishia kwenye ngazi. Suluhisho likawa simu ya kikosi yenye laini ya kipaumbele, inakaa mfuko wa juu wa begi la mashine, na mashine imeshazoeshwa kuitafuta simu ile pale inapolikosa gari. Ni kifaa kidogo kwenye mkataba mkubwa, na kwa wagonjwa wa moyo ndicho kilichokamilisha kazi.

Ufungaji nao una hadithi yake. Kwenye paa sasa kuna antena moja, bapa na nyeusi, iliyobeba ndani yake antena za simu, za waifai na ya GPS, na nyaya zake zote zinashuka kwa tundu moja. GPS hiyo ndiyo inayomwonyesha mpangaji wa magari tulipo, ili aliye karibu ndiye atumwe. Zamani alama yetu kwenye ramani yake ilikuwa inachelewa, akatutuma sisi kumbe gari jingine liko mtaa wa pili. Hilo limekwisha.

Lakini mafundi wa mkandarasi waliunga ruta ifuate swichi ya gari. Ukizima injini, nayo inazimika. Kwa gari la ofisini sawa. Kwa ambulensi, kila tunapofika kwa mgonjwa na kuzima, mtandao unakufa, na tukirudi garini na mgonjwa mikononi tunasubiri ruta iamke, itafute mnara, ifungue njia ya siri. Tulilalamika, tukajibiwa kwamba ndivyo michoro inavyosema. Waliotuokoa ni mafundi wa gereji ya jiji. Waliiunga moja kwa moja kwenye betri na kuweka kipima muda, ruta inabaki hai muda wa kutosha kumshughulikia mgonjwa ndani, kisha inajizima kabla haijamaliza betri. Walifanya gari baada ya gari, usiku, ili tusikose magari mchana. Kama jiji lenu linakaribia kununua, mleteni fundi wa gereji kwenye kikao cha kwanza na si cha mwisho.

Udhaifu uliobaki ni wa chini ya ardhi na ndani ya chuma. Maegesho ya chini ya majengo, maghala ya mabati, ghorofa za chini za hospitali, huko data inapotea kama zamani. Na sauti hatujaihamisha. Redio zetu za mkononi bado ziko kwenye mfumo wake tofauti, na mimi naunga mkono kabisa ziendelee kuwa huko. Mzimamoto aliye ndani ya moshi anahitaji redio inayoweza kuzungumza na mwenzake aliye nje hata kama hakuna mnara wowote.

Kuna sababu nyingine ya kutoweka kila kitu mahali pamoja. New York walijenga mtandao wao wenyewe wa jiji, NYCWiN, kwa mkataba wa dola milioni 500. Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS, ambayo hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, ilizunguka kama ilivyotarajiwa na wataalamu dunia nzima, na mtandao ule ukaanguka kwa siku kadhaa kwa kuwa vifaa vyake havikuwa vimeandaliwa. Kisha Februari 22, 2024 mtandao wa simu wa AT&T ulizimika nchi nzima kwa saa zisizopungua 12 kwa sababu ya kosa la mpangilio wakati wa kuupanua. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilikuta vifaa zaidi ya milioni 125 viliathirika, na simu zaidi ya 25,000 za kwenda 911 hazikupita. Laini za FirstNet zilirudishwa mapema kuliko za wengine, lakini nazo ziliguswa. Kwa hiyo mtandao uwe wa jiji lenyewe au wa kampuni kubwa, siku yake ipo.

Ruta zetu mpya zina nafasi ya laini mbili. Ambulensi zote zimewekwa laini ya pili ya kampuni tofauti, na ya kwanza ikipotea ya pili inashika bila sisi kugusa kitu. Magari ya zimamoto ya vituo vya pembezoni yamewekewa moja tu, nafasi ya pili iko wazi, eti bajeti. Hilo ndilo linalonizuia kuupa mtandao huu nyota zote tano. Vituo hivyo ndivyo vilivyo mbali zaidi na msaada, minara yake ni michache, na mara nyingi gari la zimamoto ndilo linalofika kwa mgonjwa wa moyo kabla yetu, na mashine wanayo.

Kenya ilishapita njia ya jirani na hii, mkataba wa mwaka 2014 na Safaricom wa mawasiliano ya polisi na kamera za Nairobi na Mombasa, kwa hiyo maswali haya si mageni kwetu. Kwa ndugu zangu wa zimamoto na ambulensi Dar, Arusha au Kisumu mtakaoitwa kuonyeshwa vifaa: mwombeni muuzaji aje siku ya mechi, uwanja ukiwa umejaa, atume kipimo cha moyo kutoka jukwaani. Kisha achomoe laini ya kwanza mbele yenu, mhesabu sekunde mpaka ya pili ishike. Kisha azime gari, na mwone ruta inafanya nini.

Sisi hapa tumeshaandika orodha ya maegesho na maghala yanayotuzimia data, na tumeipeleka jijini pamoja na ombi la laini ya pili kwa vituo vya pembezoni. Kikao cha bajeti kikikaa, nitakuwepo ukumbini.